Embe kwenye saladi ya kuku: mwenye kisukari na presha ale vipi?

Katika familia zetu nyingi, mtu akishaambiwa ana kisukari, matunda ndiyo ya kwanza kuondolewa mezani. Embe linapigwa marufuku, ndizi mbivu wanaachiwa wajukuu, papai linaliwa kwa wizi. Ugali haung'oki. Mlima ni uleule, ila sasa ni wa dona. Ukimwuliza mama, "Mama, embe hili mbona huligusi?" anakujibu, "Mwanangu, na sukari yangu hii, utamu wote huo nitaupeleka wapi?" Halafu anamega tonge.

Dona lina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, hilo ni kweli. Lakini unga wa mahindi, uwe umekobolewa au la, takriban robo tatu yake ni wanga, na wanga ukishameng'enywa tumboni huwa glukosi. Ugali wa gramu 150 za unga, ambao mtu mzima mwenye njaa anaumaliza bila shida, una wanga kama gramu 110. Gramu 100 za embe bivu zina 15. Mama amekataa 15 akapokea 110, na jioni mashine ya kupima sukari ikisoma 14 (milimoli kwa lita) analaumiwa mjukuu aliyempa kipande cha embe.

Saladi ya kuku yenye matunda ni mahali pazuri pa kuufungua mkanganyiko huu, kwa sababu kila kinachobishaniwa kimo ndani ya bakuli moja: utamu, mafuta, chumvi, nyama, na ule mchuzi wa kuchanganyia. Tena anayeihitaji mara nyingi ana kadi mbili za kliniki, moja ya kisukari na nyingine ya presha. Kisukari huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi takriban mara mbili, kwa hiyo chakula kinachotuliza sukari huku kikiziba mishipa ya damu hakijamsaidia mtu. Na hapo ushauri wa mitaani huanza kuvutana. Anayekimbia sukari anajificha kwenye mafuta: kuku na ngozi yake, mayonezi bila kipimo, "maana havina wanga". Anayekimbia mafuta ananunua mchuzi wa chupa wenye maandishi makubwa kwamba mafuta yamepunguzwa, wakati mara nyingi ladha iliyoondoka na mafuta imerudishwa kwa sukari na chumvi.

Chakula chenyewe kimetoka mbali. Mwaka 1893 hoteli ya Waldorf ya New York ilianza kuandaa saladi ya epo, selari na mayonezi, inayohusishwa na mkuu wa ukumbi wake, Oscar Tschirky. Kuku hakuwemo. Mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, Rosemary Hume na Constance Spry wa London walitayarisha kuku baridi kwa mayonezi, krimu, viungo vya kari na rojo la aprikoti. Mapishi mengi ya saladi ya kuku na matunda unayoyaona leo ni ya ukoo huo, na ukoo huo una tabia moja: tunda ni kidogo, mayonezi na krimu ndiyo mengi. Tukiileta jikoni kwetu, Dar au Mombasa, tugeuze uzito. Matunda yabaki, krimu iende.

Utamu wa ulimi na hesabu ya gramu

Ulimi haujui kupima sukari itakayoingia kwenye damu. Wali hauna utamu wowote ukilinganisha na tikitimaji, lakini gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga kama gramu 28, na tikitimaji la uzito huohuo lina 7 au 8 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji.

Hofu ya tikitimaji ina chanzo chake. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walitoa kipimo cha kupanga vyakula kwa kasi yake ya kupandisha sukari. Mtu hupewa chakula chenye gramu 50 za wanga, damu yake inapimwa kwa saa mbili, kisha matokeo yanalinganishwa na ya glukosi tupu, ambayo imepewa alama 100. Embe lilipopimwa kwa njia hiyo lilipata kama 50. Tikitimaji likapata zaidi ya 70, sambamba na mkate mweupe, na tangu hapo limekuwa likitajwa kwenye orodha za vitu vya kuogopa.

Angalia lakini kilicholiwa siku ya kipimo. Ili upate gramu 50 za wanga kutoka kwenye tikitimaji inabidi ule karibu gramu 670 za nyama yake, bila ganda. Hakuna anayeweka kiasi hicho kwenye saladi ya mtu mmoja. Kikombe kimoja cha vipande, gramu 150, kinakupa wanga gramu 11. Kasi ni kubwa, mzigo ni mdogo. Kwa hiyo ukiangalia alama ya tunda bila kuangalia kiasi unachokula, utaogopa tikitimaji na kujipakulia sahani ya wali ya gramu 300, ambayo ni wanga zaidi ya gramu 80.

Hizi namba si lazima uzikariri zote, ila ni vizuri kuwa na picha kichwani. Kwa kila gramu 100, papai lina wanga kama 11, chungwa 12, nanasi 13, epo na pera 14, embe 15, zabibu mbichi karibu 18, komamanga 19, ndizi mbivu 23. Pera lina jambo la ziada, nitalirudia. Sasa ruka hadi kwenye tende na zabibu kavu: hapo unakuta 75 na kuendelea, kwa sababu maji yametoka na sukari imebaki. Mapishi mengi ya saladi hii yanakwambia "rushia zabibu kavu kiganja kimoja", na kiganja hicho peke yake kinaweza kuzidi sukari ya embe lote lililomo bakulini. Kwangu zabibu kavu ndizo za kwanza kutoka. Asali nayo isikuhadae kwa sifa zake za dawa: kijiko kimoja cha chakula kina sukari kama gramu 17.

Kuiva pia kunabadilisha mambo, ingawa si kwa kiasi watu wanachodhani. Embe bichi lina wanga wa unga ambao hugeuka sukari kadiri linavyoiva. Lile linaloanza kulainika, dodo au boribo lenye nyama imara, linafaa zaidi kwenye saladi kuliko lililoiva hadi linachuruzika, kwanza kwa sukari, pili kwa sababu halisambaratiki ukichanganya.

Kisha juisi. Chungwa zima linatafunwa, linafika tumboni vipandevipande, na sukari yake bado imo ndani ya kuta za nyuzinyuzi ambazo mwili unazivunja polepole. Ukilikamua na kuchuja, kuta hizo umezitupa pamoja na makapi. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya chungwa, hata bila kuongezwa sukari, ina sukari zaidi ya gramu 20 kutoka machungwa matatu hivi, na inanywewa kwa dakika moja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kuongezwa, na halifanyi hivyo kwa tunda zima. Mwaka 2013 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofuatilia watu karibu 187,000 nchini Marekani kwa miaka mingi: waliokula zaidi matunda mazima, hasa bluberi, zabibu na epo, walipata kisukari aina ya pili kwa uchache zaidi, ilhali waliokunywa zaidi juisi walikipata zaidi. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba tunda ndilo lililowakinga, lakini hauwezi kutumiwa kumnyang'anya mtu epo.

Pale sukari na moyo vinapokubaliana

Pera na epo vina nyuzinyuzi ziitwazo pektini, zilezile zinazofanya jemu igande. Zikifika tumboni zinalowana na kuwa ute mzito. Ute huo unachelewesha glukosi kufika kwenye ukuta wa utumbo, hivyo sukari inapanda taratibu na kongosho linapata nafasi ya kutoa insulini. Ute huohuo unanasa nyongo iliyomwagwa kumeng'enya mafuta na kutoka nayo kwenye choo. Ini linalazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi yake ni lehemu, au kolesteroli kama wengi wanavyoiita, ambayo inaichota kwenye damu. Tunda moja, kazi mbili. Pera lina nyuzinyuzi kama gramu 5 katika kila gramu 100, zaidi ya mara mbili ya epo, na kwetu linaanguka chini ya mti watu wakipita. Epo linaloonekana la kifahari mara nyingi limesafiri kutoka Afrika Kusini.

Upande wa mafuta, jambo la kutazama ni aina yake. Mafuta yanayoganda, ambayo yamejaa kwenye samli, siagi, mafuta ya nazi na kwa kiasi kikubwa mawese, huupunguzia ini uwezo wa kuondoa lehemu mbaya, LDL, kwenye damu. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni ya aina hiyo, mawese karibu nusu, zeituni kama asilimia 14, alizeti kama 11. Wapwani wenzangu watanisamehe: tui lina mahali pake, ila si kwenye chakula cha mtu ambaye LDL yake imepanda.

Hispania kulifanyika jaribio kubwa liitwalo PREDIMED, lenye watu zaidi ya 7,400 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, karibu nusu yao wakiwa na kisukari. Waliopewa mlo wa Mediterania pamoja na mafuta ya zeituni, au pamoja na gramu 30 za jozi, lozi na hazeli kwa siku, walipata matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa uchache wa takriban asilimia 30 kuliko waliopewa ushauri wa kupunguza mafuta. Matokeo ya mwaka 2013 yaliondolewa na watafiti wenyewe baada ya kugundulika kasoro za kuwagawa washiriki katika baadhi ya vituo, yakachambuliwa upya na kuchapishwa tena mwaka 2018. Picha ilibaki karibu ileile. Korosho na karanga hazikuwemo kwenye mgawo ule, lakini mafuta yake kwa sehemu kubwa ni ya aina nzuri, na ndizo tulizonazo. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu usiitie chakula cha mtu yeyote. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

Parachichi nalo ni tunda, ingawa wengi hulihesabu kama mboga. Gramu 100 zake zina mafuta kama 15, zaidi ya nusu yake yakiwa ya aina ileile iliyomo kwenye zeituni, na wanga kama 8 ambao sehemu kubwa ni nyuzinyuzi. Kwenye saladi hii ndilo linalochukua nafasi ya krimu.

Mchuzi wa kuchanganyia

Tuitendee haki mayonezi: haipandishi sukari. Kijiko kimoja cha chakula kina mafuta kama gramu 10 na kalori zaidi ya 90, na mara nyingi mafuta hayo ni ya soya au alizeti. Shida inaanza na mkono wa mpishi. Kikombe kimoja cha mayonezi kwa saladi ya watu wanne ni vijiko kama 16, yaani vinne kwa kila mtu, kalori zaidi ya 360 kabla hujamgusa kuku. Kwa mwenye kisukari aina ya pili ambaye mwili wake tayari unaisikiliza insulini kwa shida, uzito unaoongezeka namna hiyo unaongeza ukaidi huo. Ukiipenda, weka kijiko kimoja kwenye mtindi, inatosha kuleta ladha.

Mtindi wenyewe uwe mzito na usio na sukari. Soma nyuma ya kopo. Mtindi wa kawaida una sukari ya maziwa kama gramu 4 au 5 kwa kila gramu 100; ukiona 12, hiyo ni peremende ya kijiko hata kama kopo limechorwa moyo.

Chumvi inapita kimyakimya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ya kwenye mkate, mchuzi na kachumbari. Vidonge vya supu na viungo vya paketi vilivyoandikwa "ladha ya kuku" vimejaa chumvi. Kumchemshia mgonjwa wa presha kuku halisi ndani ya maji yenye kidonge cha ladha ya kuku ni kichekesho kinachorudiwa kila siku majikoni.

Bakuli lenyewe

Kwa watu wanne chukua nusu kilo ya vidari visivyo na mfupa. Kidari kilichopikwa bila ngozi kina protini kama gramu 31 na mafuta chini ya gramu 4 kwa kila gramu 100. Paja linafaa pia na lina ladha zaidi, mradi ngozi umeitoa, maana mafuta mengi ya kuku yako hapo na chini yake. Kuhusu ubishi wa kienyeji na wa kisasa: kwa sukari ya damu hakuna tofauti, kuku yeyote hana wanga. Wa kienyeji ana utamu wake na nyama inayohitaji subira. Mpike upendavyo, ila usimzungushie unga na kumdumbukiza kwenye mafuta.

Usimwoshe kuku mbichi chini ya bomba. Matone yake yanasambaza vijidudu kwenye sinki na vyombo. Mtie moja kwa moja kwenye sufuria yenye maji yanayomfunika, na tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu, punje za pilipili manga na ganda la ndimu. Maji yakianza kuchemka punguza moto hadi yawe yanatikisika tu. Kidari cha kisasa kinachukua kama dakika 15. Zima, funika, kiache humo dakika 10 nyingine. Moto mkali ndio unaofanya kidari kiwe kikavu hadi watu wakatafuta mayonezi ya kukilainishia. Kimeiva ndani kikifika nyuzi 74 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, kikate mahali penye unene, maji yake yawe meupe na nyama isiwe na wekundu. Kikipoa kichambue kwa mikono kufuata nyuzi zake. Supu iliyobaki weka, toa mafuta ya juu, itafaa kesho.

Mboga ziwe nyingi kuliko kila kitu: kabichi iliyokatwa nyembamba, tango, karoti moja, pilipili hoho, nusu ya kitunguu maji, jumla kama gramu 400. Kata kwa vipande ambavyo mtu atalazimika kuvitafuna. Matunda ni embe imara gramu 200, sawa na kikombe kimoja na kidogo, na pera au epo moja dogo pamoja na ganda lake. Parachichi moja la wastani liingie mwisho. Korosho au karanga zilizokaangwa bila chumvi, gramu 60 kwa watu wote.

Kwa mchuzi, piga pamoja mtindi gramu 150, mafuta ya zeituni au alizeti kijiko kimoja cha chakula, juisi ya ndimu mbili, tangawizi ya kukwaruza, kitunguu saumu punje moja, binzari nyembamba iliyokaangwa kikavu na kusagwa, pilipili manga, na chumvi robo kijiko cha chai. Robo hiyo inaonekana haba hadi uionje pamoja na ndimu. Ukali wa ndimu unaupa ulimi kitu cha kushika, chumvi hauikumbuki. Mkono wa kotimiri juu, na pilipili mbuzi kwa anayeiweza.

Ukigawanya kwa wanne, kila sahani ina wanga kama gramu 25, na kati ya hizo kama 6 au 7 ni nyuzinyuzi. Protini inazidi gramu 30, kalori ziko karibu 400. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37.

Kama unafikiria kubadilisha embe kwa nanasi au papai, kuna kemia ya kujua kwanza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, papai lina papaini, vyote vinakata protini. Wapishi wa mishkaki wanajua, ndiyo maana wanapaka papai bichi kwenye nyama ya ng'ombe iliyokomaa. Ukilichanganya nanasi na kuku na mtindi ukaweka kwenye friji usiku kucha, asubuhi unakuta nyama imelegea kama imetafunwa na mtindi una uchungu. Papai lililoiva lina papaini kidogo, ila tahadhari ni ileile. Ama uyachanganye dakika ya kula, ama nanasi ulipitishe kwenye kikaango kikavu kwanza, moto unaua kimeng'enya. Vipande vya nanasi vilivyoungua kidogo pembeni, kwa maoni yangu, vinalishinda embe.

Kuku aliyepikwa asikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Dar la mwezi wa Februari, likizidi nyuzi 32, hesabu saa moja. Kwenye friji anakaa siku tatu. Kwa hiyo anayebeba chakula cha kazini afungashe kuku na mboga chombo kimoja, mchuzi kingine, matunda pembeni.

Dawa zilizo kwenye kabati

Hapa ndipo mapishi mengi yanaponyamaza. Anayejidunga insulini au anayemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, amepangiwa dozi kwa kutazamia mlo wake wa kawaida. Akiacha ugali wa gramu 110 za wanga siku moja na kula saladi ya gramu 25 huku dozi ikiwa ileile, sukari inaweza kushuka chini ya 4. Atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa. Ikitokea, saladi haimsaidii, kwa sababu nyuzinyuzi na mafuta yake vinachelewesha sukari. Anahitaji kama gramu 15 za sukari ya haraka: nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Juisi niliyoisema vibaya hapo juu, hapa ndiyo dawa. Mtu wa namna hiyo aongeze kwenye sahani yake kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha au slesi ya mkate, na azungumze na kliniki kabla ya kubadilisha mlo kwa jumla. Anayetumia metfomini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake hana hatari kubwa ya kushuka namna hii.

Mtu akiongeza hicho kiazi au mkate, kuna hila ndogo ya mpangilio. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, waliwalisha watu 11 wenye kisukari aina ya pili mlo uleule kwa siku mbili tofauti. Walipoanza na mboga na kuku, wakamalizia na mkate na juisi, sukari yao baada ya saa moja ilikuwa chini kwa asilimia 37 kuliko walipoanza na mkate. Watu 11 ni wachache, lakini kujaribu hakugharimu kitu.

Matunda ya jamii ya chungwa yana jambo lake. Chungwa la kawaida na chenza havina neno. Balungi na danzi vina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, zikiwemo simvastatini na atovastatini za kushusha lehemu, na nifedipini ya presha. Dawa inajaa kwenye damu kuliko alivyokusudia daktari, na athari ya glasi moja ya balungi inaweza kupita siku nzima, kwa hiyo kula balungi asubuhi na kumeza kidonge usiku hakukuepushi.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asigeuke ghafla kutoka kutokula majani hadi kula bakuli la majani kila siku, kwa sababu vitamini K ya majani inaipunguzia dawa hiyo nguvu. Na mwenye figo zilizochoka, jambo linalowapata wengi waliokaa na kisukari muda mrefu, ana orodha yake tofauti kabisa: parachichi, ndizi, machungwa na madafu vina potasiamu ambayo figo zake hazitoi vizuri, protini yake inapimwa, na birimbi zile za achari azikwepe. Kwake tango, kabichi na epo ndivyo salama zaidi, na kiasi cha kuku aulize.

Waliobaki wana mwamuzi nyumbani. Pima kabla ya kula, pima tena saa mbili baada ya tonge la kwanza. Kwa wengi lengo la baada ya kula ni chini ya 10. Ikizidi, mara ya pili punguza embe nusu na uache kila kitu kingine kama kilivyo, upime tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua kama ni embe, ni mkate uliousindikiza, au ni chai ya vijiko viwili vya sukari iliyotangulia.